Kisima cha Marehemu

Kwetu Ugogoni chakula cha msiba hakikosolewi. Utaletewa ugali ambao katikati bado ni unga, mlenda ulioungua, nyama inayogombana na meno, nawe utakula, utanawa mikono na kuwashukuru wafiwa. Nilipokuwa mdogo nilitamka kwenye msiba mmoja, kwa sauti, kwamba maharage yana mawe. Mama yangu mdogo alinifinya paja mpaka machozi yakanitoka. Wanawake waliokuwa karibu wakadhani namlilia marehemu, wakasema mtoto huyu ana huruma sana, na nikaongezewa maharage.

Nalisema hili mapema kwa sababu bila kulijua mtu atatuona wajinga. Atauliza ilikuwaje kijiji kizima cha watu wenye akili zao kikasema mbele ya wageni kwamba maji ya chumvi ni matamu. Hata mimi niliyezaliwa humo bado najiuliza, na kila nikijiuliza hasira zinanipanda, halafu zinashuka zenyewe kwa kukosa pa kwenda.

Mama mdogo huyo ndiye aliyenilea baada ya mama yangu mzazi kufariki. Mimi sasa ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari mjini Dodoma. Nimepanga Makole, nakunywa maji ya bomba, na siku yakikatika nanunua ya chupa dukani huku nikilaani. Yeye yuko kijijini, upande wa Bahi, kwenye nyumba ileile tuliyokulia, na ni mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa kanisa. Ni mfupi, mnene, mwepesi wa kucheka, na akishaamua jambo hang'oki.

Maji ya pale tangu zamani ni ya korongoni. Korongo lenyewe ni mto wa mchanga. Masika maji hupita kwa kishindo, kisha sehemu kubwa ya mwaka unabaki mchanga mweupe, mpana, ambao mgeni akiuona hawezi kuamini kuwa una maji. Wanawake huuchimba kwa bakuli na mikono mpaka wayakute. Kila ukoo una shimo lake, na ukimaliza kuchota unalifunika kwa matawi ya miiba ili ng'ombe wasilivuruge. Kiangazi kikikolea mashimo yanazidi kwenda chini, hadi inabidi mmoja aingie ndani kabisa, ajaze bakuli na kumpitishia mwenzake aliye juu. Kingo huporomoka. Mama mdogo aliwahi kufukiwa mpaka kiunoni, wenzake wakamng'oa kama muhogo, na kwa miaka mingi alilisimulia jambo hilo kuchekesha watu. Lakini maji yenyewe ni matamu na ya baridi, na chai yake huwezi kuipata mjini.

Kanisa letu lilipopata marafiki wa ng'ambo, watu waliokuwa wanachimba visima vijijini kama sehemu ya utume wao, kijiji kilifurahi na mimi nilifurahi zaidi. Mchungaji wetu, kijana mpole anayeogopa kumuudhi hata kuku, aliniomba niwe mkalimani kwa kuwa najua lugha na ni mtoto wa nyumbani. Mtambo ukaja, ukachimba kwenye uwanja wa kanisa, maji yakapatikana. Wakafunga pampu ya sola, tangi jeusi juu ya mnara wa chuma, na mabomba mawili yenye sakafu ya saruji. Maji yakapelekwa kupimwa, majibu yakarudi kwamba hayana vijidudu. Ni kweli kabisa. Ni maji meupe, hayana tope wala samadi. Ila yana chumvi.

Mama mdogo alikuwa kati ya wa kwanza kuyaonja, siku pampu ilipojaribiwa kabla wageni hawajafika. Utotoni alikuwa akichemsha chumvi na bibi yake, ile ya kukwangua udongo wa mbugani, ukauchuja kwa maji, ukaweka jikoni mpaka ikaukie chunguni. Akatia maji ya bomba mdomoni, akayazungusha, akatema pembeni.

"Haya yamebakiza kuchemshwa tu," alisema. "Mungu ametupunguzia kazi."

Walicheka, lakini baadaye walikaa wakapanga. Hawakuwa watu wa kufumbia macho mambo. Walikubaliana kwamba siku ya uzinduzi, hotuba zikiisha, mchungaji atashukuru kwanza, kisha atasema kwa adabu kuwa maji yana chumvi na kuwaomba wageni waangalie la kufanya. Mimi niliagizwa niyalainishe maneno hayo kwa Kiingereza yasiwachome. Njia nzima kutoka mjini niliyatafuna mdomoni, nikibadilisha hili na kurudisha lile, na nilipofika nilikuwa na sentensi nzuri ambayo mpaka leo sijaitumia.

Siku hiyo wanawake walivaa sare zao na kupiga muheme, zile ngoma wanazozibana kati ya mapaja. Wageni walicheza nao, wakatokwa jasho, wakapigwa picha. Mkuu wao alikuwa mzee mrefu, mkulima mstaafu, mwenye mikono mikubwa iliyopasuka kama ya watu wa kwetu. Ratiba ilisema ataongea mwishoni. Lakini ngoma zilipotulia alivua kofia, akaomba asamehewe, akasema ana neno ambalo hawezi kulikalia mpaka mwisho.

Alisema kisima kile si chake. Ni cha mke wake. Mke wake ndiye aliyekuwa akioka mikate na kuiuza kanisani kwao kila Jumapili kwa ajili ya maji ya watu asiowajua, na ndiye aliyekuwa aje siku ile. Alifariki kabla. Akavuta kitambaa kilichokuwa kimefunika kibao kwenye mguu wa mnara, na jina la mkewe likaonekana.

Nilifasiri. Ningefanya nini? Sikupunguza wala kuongeza. Nilipofika kwenye marehemu, wanawake waliweka ngoma chini. Mmoja akaketi ardhini akanyoosha miguu, akafuata wa pili, mara uwanja mzima wameketi vile wanavyoketi msibani, kanga zimevutwa kichwani. Mama mdogo akainuka, akaenda kwa yule mzee, akamshika mikono yote miwili.

"Pole, baba," alimwambia. "Pole sana. Pole na safari na pole na msiba."

Wengine wakapanga mstari nyuma yake. Hata wazee ambao hawajawahi kuingia kanisani, wanaotambikia mizimu yao na kutuona sisi tumepotea, walipita wakampa mkono mmoja mmoja. Yule mzee alilia hadharani bila kujificha, nadhani hakuwa amepata nafasi ya kulia hivyo huko kwao. Nami nililia. Lakini huku nalia nilijua kilichotokea. Uzinduzi ulikuwa umegeuka matanga, na kisima kilikuwa kimegeuka chakula cha msiba.

Zamu ya mchungaji ilipofika aliwatazama wanawake. Wakatazama chini. Akanitazama mimi, nami nikatazama kibao.

"Tunashukuru sana," alisema. "Maji ni matamu."

Nikafasiri. Wageni wakapiga makofi. Wao wenyewe hawakuyaonja, kwa sababu madaktari wao waliwaonya wasinywe maji yoyote ila ya chupa waliyokuja nayo kutoka mjini, tena zilizofungwa vizuri. Kwa hiyo watu pekee ambao wangeweza kusema bila aibu kwamba maji yale yana chumvi ndio waliokatazwa kuyagusa. Nimewahi kucheka nikilifikiria hili, kicheko kisicho na raha.

Wageni walipoondoka maisha yalijipanga upya. Maji ya bomba yakawa ya kufua, ingawa sabuni haitoi povu ukasugua mpaka viganja vinawaka. Yakawa ya mifugo, na ng'ombe waliyapenda kupita kiasi. Maharage yakipikwa kwa maji hayo hayaivi, unamaliza kuni na bado yanaruka sahanini. Maziwa ukiyatia kwenye chai yanakatika. Wanawake walitaniana kwamba sasa mume akilalamika mboga haina chumvi, mwambie akanywe maji. Wenye nguvu waliendelea kwenda korongoni kwa ajili ya kunywa na kupika. Waliochoka, wagonjwa na wazee waliishia bombani, wakanywa hayohayo.

Mama mdogo alishika njia ya korongo mpaka miguu ilipomgomea. Ilianza kuvimba, jioni unabonyeza kwa kidole na shimo linabaki. Nilimpeleka zahanati nilipokuja likizo. Muuguzi akampima, akakunja uso, akamwambia ana presha ya juu na figo zake zinahitaji kuangaliwa. Akampa vidonge. Akamwambia la kwanza kabisa ni kupunguza chumvi.

"Sili chumvi," mama mdogo alijibu, akiwa amekerwa. "Muulize huyu. Mboga yangu haina hata punje."

"Na maji unakunywa ya wapi, mama?"

Akavuta kanga kufunika miguu. Nikajibu mimi. Muuguzi akaweka kalamu chini, akasema kwa sauti ndogo kwamba hayo ndiyo asiyanywe, halafu akanitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye maji mengine mfukoni.

Nilijaribu kumchukua mjini. Alikaa Makole kidogo, akasema anasikia watu wanapiga kelele ukutani, akarudi. Nilimpelekea katoni za maji ya chupa kwa basi. Nikaja kugundua anampa mchungaji, anawapa wakaguzi wa kanisa, anawapa waliokuja kuposa mjukuu wa jirani. Nikampigia simu kumgombeza. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akauliza kama nimekula.

Ndipo mchungaji akaniambia habari. Wale marafiki wa ng'ambo walikuwa tayari kufanya kazi moja zaidi ya maji, moja tu, ndiyo ya mwisho kwa upande wetu. Yule mzee anakuja mwenyewe kuona kisima cha kwanza kinaendeleaje, na baada ya hapo wataamua. Wakiona pana upungufu wataurekebisha. Wakiona pako sawa wataenda kijiji kingine ng'ambo ya mbuga. Fundi mmoja alishapita korongoni akasema inawezekana kabisa kujenga kisima kifupi cha karavati, yale mapete makubwa ya saruji, kando ya mchanga na kuvuta bomba mpaka kijijini, na maji yangekuwa yaleyale matamu, bila mtu kuingia shimoni. Mama mdogo angeyachota mlangoni pake. Niliposikia hivyo nikamwambia mchungaji safari hii lazima waambiwe.

"Mwalimu, unajua hali ilivyo," alisema. "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

"Sitamtukana mtu. Nitasema maji yana chumvi. Chumvi si tusi."

"Kwa mwingine si tusi," alisema.

Nilitangulia kijijini siku moja kabla ya wageni. Mama mdogo alikuwa ameketi mkekani anapepeta uwele, miguu imenyooshwa mbele, imejaa mpaka vifundo havionekani. Nilimsalimu, akaitikia, nikakaa nikamweleza. Nilimweleza vizuri, kama ninavyoeleza darasani. Hii ni nafasi moja. Mzee huyu ni mtu mwema. Ana uwezo wa kutusaidia. Akiuliza, mwambie ukweli.

Aliendelea kupepeta. Makapi yalinirukia.

"Mwanangu," alisema, "huyo ni mgane. Mkewe yuko kaburini, na kitu pekee alichobaki nacho duniani cha mkewe ni hayo maji yetu. Unataka nimwambie sadaka ya mkewe ina chumvi?"

"Ndiyo."

"Wewe umesoma mpaka umepitiliza."

"Mama, utakufa."

"Kwani yeye mkewe hakufa? Na huko walikuwa na maji ya kila namna."

Nilipandisha sauti. Nilimwambia kuwa adabu ina mwisho, kwamba hata huyo marehemu, kama alioka mikate kwa ajili ya maji, alitaka maji yanayonyweka. Hapo aliacha kupepeta. Niliona nimemgusa. Alinitazama usoni, na kwa kitambo kile niliamini nimeshinda.

"Huenda," alisema. "Lakini huyo angenielewa. Nisiyemjua kama atanielewa ni mumewe. Wanaume hawafiwi vizuri."

Akarudi kwenye ungo wake. Nikasema basi nitasema mimi. Akasema kazi yangu ni kufasiri.

Kesho yake wageni walikuja wachache, yule mzee pamoja na nesi mmoja mama wa makamo wa kumwangalia, maana mzee alikuwa amechoka sana tangu tulipomwona. Alitembea kwa fimbo. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibao, akapitisha kidole juu ya jina. Wanawake walikuwa wamekisugua kwa majivu mpaka kinang'aa kuliko siku kilipowekwa. Aliona hivyo, akageuka akawatazama, akainamisha kichwa. Nikasema moyoni, tumekwisha.

Tuliketi ndani ya kanisa kwenye mabenchi. Alishukuru, akaeleza kuhusu ile kazi moja iliyobaki. Kisha akaniambia, "Nataka kusikia kwa wanawake wenyewe. Muulize mwenyekiti wao, maji yakoje?"

Nikauliza. Mama mdogo akasimama kwa kushika benchi la mbele.

"Mwambie ni matamu," alisema. "Mwambie ni matamu kama maziwa, na kila tukichota tunamtaja mkewe."

Nikamwambia mzee kwa Kiingereza, polepole ili asije akadhani amesikia vibaya, kwamba mama huyu anasema maji ni matamu, lakini mimi ni mtoto wake na nasema maji yana chumvi, chumvi nyingi, tangu siku ya kwanza. Nikamwambia kwamba wanamficha kwa sababu wanamheshimu mkewe. Nikamwambia kuhusu presha na miguu. Nilisema yote.

Watu kanisani hawakuelewa maneno, lakini walijua nimesema nini kwa jinsi nilivyochelewa kumaliza. Mzee alinitazama, akamtazama mama mdogo, akanirudia mimi. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu anayetafuta njia. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea, na kwalo nampenda hadi leo. Akaomba kikombe cha maji ya bombani.

Mtu alikimbia akaleta, kikombe cha bati kimejaa mpaka ukingoni. Nesi alisimama, akamkataza, akamkumbusha daktari alisema nini. Mzee akamwambia aache. Akakiinua. Nilikuwa naomba, sitanii, nilikuwa naomba Mungu kwa bidii ambayo sijawahi kuombea kitu kingine: funda moja tu.

"Baba, hapana!" mchungaji alisema, ameshainuka. "Mwalimu, mwambie asinywe. Akiugua hapa tutamwambia nini Mwenyezi Mungu?"

Na wanawake wote wakasimama wakisema hapana, hapana, mgeni asinywe, tumbo lake halijazoea. Mabenchi yaligongana. Mzee akasita, kikombe kikiwa karibu na mdomo, hajui kelele zile ni za nini. Mama mdogo akatoka mahali pake. Alitembea ile njia ya katikati ya mabenchi kwa miguu ile, bila haraka, akafika mbele ya mzee, akapiga goti kidogo la heshima, akakitoa kikombe mkononi mwake kwa mikono miwili. Mzee akamwachia, nadhani kwa kudhani ndiyo desturi.

Akanywa. Alikunywa chote bila kupumzika. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Alipomaliza akakigeuza kikombe juu chini kuonyesha hakijabaki kitu, akafuta mdomo kwa upindo wa kanga, akacheka, na wanawake wakapiga vigelegele.

Mzee machozi yalimtoka. Akamkumbatia. Juu ya bega lake mama mdogo alinitazama mimi.

"Fasiri," aliniambia.

"Hujasema kitu."

"Basi mwambie asante."

Nikamwambia asante.

Baada ya chakula, kabla hajapanda gari, yule mzee alinivuta pembeni. Alinishika mkono, akaniambia kwa upole sana kwamba ameelewa. Kila mtu hupenda kwao kuongezewe, alisema, na hilo si dhambi, hata yeye angefanya hivyo. Lakini wako watu ng'ambo ya mbuga ambao hawana hata kisima kimoja. Nilifungua mdomo. Mchungaji alikuwa ameshika mlango wa gari, wanawake wanaimba, jua kali, nesi anaangalia saa. Nikaufunga.

Kisima kilichimbwa ng'ambo ya mbuga. Nasikia kina maji mazuri. Siwaonei wivu, wana watoto na wazee kama sisi, na walikuwa wakinywa pamoja na punda. Nimejaribu kumlaumu mchungaji nikashindwa, na mzee nikashindwa. Nimejaribu kumlaumu yule marehemu kwa mikate yake, kisha nikajionea haya. Nimeenda ofisi za maji mara kadhaa, nikapokewa vizuri, nikaambiwa kijiji chetu kinahesabiwa miongoni mwa vyenye maji, hivyo kiko nyuma ya vingi visivyo nayo. Ni kweli pia. Kila ninakogonga nafunguliwa na mtu mwenye haki yake.

Likizo iliyopita nilikwenda. Mama mdogo alikuwa hatoki tena kwenda mbali, ila kanisani tu, tena kwa kupumzika njiani mara kwa mara. Aliniandalia chai. Nilipoionja nilishtuka, maana maziwa yalikuwa hayajakatika. Ilikuwa chai hasa, ile ya zamani. Nikatazama pembeni nikaona dumu limefunikwa kwa kitambaa safi.

"Haya maji nani amekuletea?"

"Yatoke wapi? Nimeyafuata."

"Korongoni? Kwa miguu hiyo?"

"Nilianza mapema. Nilisikia unakuja."

"Na wewe unakunywa yapi?"

"Yale ya kanisani yananitosha. Hayo ya korongoni nayaweka kwa ajili ya wageni."

"Mimi si mgeni, mama. Mimi ni mtoto wako."

"Unalala siku ngapi?"

Nilikuwa nimekata tiketi ya kurudi kesho yake asubuhi, na alilijua hilo. Nilimwomba anywe yeye, nikamsogezea kikombe, nikamsihi kwa jina la mama yangu mzazi. Alikirudisha mbele yangu, akaongeza sukari, akakoroga. Akasema chai ikipoa haina maana. Nikanywa. Alipomimina kikombe cha pili nacho nilikinywa, kwa sababu alikuwa ameketi hapo ananitazama.